Unywele wa Bwana Rula

11 Februari

Kwako mwanangu mwalimu,

Pokea salamu nyingi, nyingine nimezibakiza mfukoni ili nisije kukosa cha kukuandikia siku za usoni. Sisi huku wazima. Shangazi yako, ambaye ndiye anayetupikia na kutugombeza tangu mama yako atutoke, anasema umekonda. Nilipomkumbusha kwamba hajakutia machoni miaka mingapi sijui, akasema yeye anajua tu. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti nimeshakubaliana nalo kila mtu aende njia yake. Mvua haijanyesha, kwa hiyo miavuli haivunjiki, kwa hiyo fundi miavuli, yaani mimi, anakaa barazani akitazama viatu vya wapita njia na kuwatungia maisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Kumbe mara ya kwanza nilikuwa nabuni tu. Unasema umepata hadubini ya kutazamia vitu vidogo, na kwamba watoto wako wamechora ganda la kitunguu na bawa la nzi wa hapo shuleni, sasa unataka vitu vya kutoka mbali. Mwanangu, mimi shule niliikimbia pale walipoanza kugawanya kwa tarakimu mbili, lakini enzi zetu mtoto akionekana anachora nzi alichapwa. Siku hizi anapewa kioo ili amwone vizuri. Nilizaliwa mapema mno.

Nimekufungia vikaratasi vitano. Sikuandika ndani kuna nini. Wachore kwanza, halafu ndiyo wabuni. Cha tano kishike kwa uangalifu, kimetoka kwa mnyama mkaidi sana na nimekipata kwa kuhatarisha maisha yangu.

Umeuliza, "Huko dukani kukoje?" Hukuuliza, "Baba hajambo?" Mimi nasoma kilichoandikwa na kilichorukwa. Duka lipo, na mwenye duka yupo. Bwana Rula, kaka yangu, fundi wa mabango, ambaye ni baba yako ingawa nyote wawili mmejitia hamnazo, bado anapima kila herufi kwa rula mstari wa juu na mstari wa chini. Jina lako halitamki, ila kiti chako hajamruhusu mtu akikalie. Juzi mteja alikikalia akainuliwa kama kuku.

Nami nilikuwepo siku ile mlipokosana, na mwavuli mapajani, kwa hiyo msinisimulie. Wewe ulikuwa unachora bango la duka la dawa. Ukachora jani kama lilivyokuwa mbele yako, limetobolewa na wadudu. Yeye akachukua brashi, mbele ya mteja, akayaziba matundu yote kwa kijani. "Mteja anataka jani," akasema, "hataki ugonjwa wa jani." Wewe ukaiweka brashi yako mezani, ukachukua mkoba. Miaka yote hii watu wawili wenye akili zao wamenuniana kwa ajili ya viwavi.

Basi. Nisije nikaharibu karatasi.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye goti.


9 Machi

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini hamjambo nyote. Mwambie Shangazi sijakonda, ni gauni limepanuka. Mimi naendelea vizuri, chumba nilichopanga kina dirisha moja na jirani anayejifunza kupiga tarumbeta, kwa hiyo sina upweke.

Vikaratasi vyako vimefika salama na vimeleta vurugu. Hadubini yetu ni moja, iko mezani karibu na dirisha, na watoto wanapanga mstari. Mambo yanayotokea hapo hutayaamini. Wiki ya kwanza kabisa nusu ya darasa walichora majani marefu meusi yanayoinama, kila mtoto majani yale yale, nikafikiri kioo kimeingia uchafu, nikakisafisha mpaka mikono ikauma. Kumbe walikuwa wanachora kope zao wenyewe. Mtoto mmoja tunayemwita Swali, maana hana kingine kinywani, alichora duara lenye ukingo mnene mweusi, kwa ustadi mkubwa, jioni nzima. Lilikuwa povu la hewa lililonaswa chini ya kioo. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nimelibandika ukutani pamoja na mengine.

Sheria yetu darasani ni moja: chora unachokiona, usichore unachokijua. Ndiyo maana nilifurahi hukuandika majina. Cha kwanza walichora masanduku yaliyopangwa, nikajua ni chumvi. Cha pili ni unga wa bawa la nondo, waliuchora kama vigae vya paa. Cha tatu kutu, nadhani ya mbavu za mwavuli. Cha nne chavua, ule unga wa ndani ya ua, mipira yenye miiba. Nakutumia picha zao wenyewe, ndiyo malipo yako.

Cha tano kilichorwa na mtoto mmoja tu, tunamwita Taratibu. Mkono wake unatetemeka tangu kuzaliwa, na wengine humaliza na kwenda kucheza naye bado yuko kwenye duara la kwanza. Amechora kama mto mweupe mpana, na katikati yake barabara nyeusi iliyokatika hapa na pale. Ni unywele wa mtu, mweupe. Swali akauliza ni wa nani. Nimemwambia ni wako.

Wasalimie.

Mwanao.


25 Machi

Mwanangu,

Salamu tele. Shangazi amefurahi kusikia gauni limepanuka, ila anasema gauni halipanuki lenyewe. Mvua imeanza, imeanza kwa upepo, nashukuru sana. Barazani kwangu miavuli imerundikana kama popo waliopigwa mawe.

Umemwambia mtoto kwamba unywele ni wangu! Mwalimu mzima! Upara wangu ulianza kabla wewe hujaota meno, na mama yako alikuwa akikunyamazisha kwa kukuambia ugonge kichwa changu kama ngoma. Haya, mimi nanyamaza. Mnyama mkaidi hulala kitini baada ya chakula, mdomo wazi, kisogo kimening'inia, na mkasi wangu wa kukatia nyuzi ni mkali. Zaidi ya hapo siongezi neno.

Ila sikiliza kilichotokea. Nilizitandaza zile picha barazani zikauke unyevu, nikaegemeza kila moja kwenye mpini wa mwavuli. Bwana Rula akatoka. Akapita. Akarudi akijifanya anatafuta kopo. Akapita tena. Safari ya tatu akasimama.

"Nani kachora mti huu?"

"Mti upi?"

"Huu hapa. Gogo jeupe, lina ufa katikati."

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa watu."

Akaiokota, akaipeleka kwenye mwanga, akaileta karibu na pua, akaisogeza mbali, kama mtu anayenunua kitambaa asichotaka kukilipia. "Mkono unatetemeka," akasema. Nikadhani ndiyo hukumu. Kumbe alikuwa hajamaliza. "Unatetemeka, lakini haujadanganya popote." Akaingia nayo ndani. Nilipochungulia alikuwa ameipigilia ukutani, juu ya mkebe wa brashi, mahali pale alipokataa kuweka hata kalenda.

Basi kaka yangu, mwanangu, anaamka kila siku anakitazama kisogo chake mwenyewe na kukisifu ni mti mzuri. Nimecheka mpaka ubavu wa mwavuli umenichoma kidole.

Mengine ni ya kawaida. Bango la muuza samaki limekaa dukani tangu mwezi wa kwanza, samaki amekamilika mapezi na magamba, ila hana macho. Mwenyewe anakuja anaambiwa rangi haijakauka. Mimi sijui. Mimi ni fundi miavuli.

Niandikie upesi, usinifanye nibuni.

Baba yako mdogo.


30 Juni

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Nisamehe kwa kimya. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Najua utaniambia mitihani iliisha Aprili.

Nilianza kukuandikia mara kadhaa. Nafika kwenye salamu za Shangazi, nafika kwenye jirani wa tarumbeta, halafu kalamu inagoma.

Siku ile ya unywele, watoto walipoondoka nilibaki darasani. Nilijua ni wa nani tangu nilipouweka kwenye kioo, ndiyo maana nikamjibu Swali upesi vile. Nilifunga mlango nikautazama peke yangu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa nyuma ya kiti chake akichora, kisogo chake ndicho nilichokuwa nakitazama siku nzima, na kilikuwa cheusi. Sikujua kwamba kimekuwa cheupe. Hukuwahi kuniandikia hilo. Nikasema labda ni unywele mmoja tu. Nikajiambia chora unachokiona, nikachukua penseli, lakini sikuweza, kwa sababu nilikuwa nachora ninachokijua.

Watoto wanauliza kama mnyama mkaidi bado mzima.

Na samaki, kwa nini hana macho?

Mwanao.


14 Julai

Mwanangu,

Salamu ziko pale pale, leo nazipita mbio. Shangazi mzima, goti zima, mvua zimekatika.

Umeniuliza habari ya samaki. Nilikatazwa kusema, tena nikaapishwa nikiwa nimeshika sahani ya chakula, kwa hiyo sisemi. Nitakueleza ninachokiona tu, si ninachokijua. Si ndiyo sheria yako?

Naona kaka anashika kikombe kwa mikono miwili, na Shangazi siku hizi hakijazi. Naona anafunga vifungo vya shati kabla hajalivaa, halafu anajiingiza kwa juu kama mtoto. Naona rula ameilaza hata pale ambapo zamani alipitisha mkono tu akipiga mluzi. Mwanzoni nilimcheka, nikamwambia utapimia hata chai. Hakunijibu kwa tusi. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana yule mtu hajawahi kuninyima tusi langu.

Rula inamshikia herufi. Inamshikia mapezi, inamshikia hata magamba akiyapanga. Lakini jicho la samaki halina rula. Jicho ni mkono mtupu. Nimemwona ameinua brashi, akaisogeza, ncha ikacheza kama nyuki, akairudisha kwenye kopo akaanza kufuta meza iliyokwisha futwa. Kesho yake hivyo hivyo. Mabango mawili mengine ameyakataa, anasema wateja hawana adabu.

Hayo ndiyo ninayoyaona. Ninayoyajua bado yamo tumboni, nimetimiza kiapo changu.

Jana nilimkuta amesimama mbele ya picha ya mtoto wako. Hakuwa anatazama mti. Alikuwa anafuata mstari kwa kidole, hewani, pole pole, mto wote kutoka juu hadi chini. Aliponisikia akasema kuna buibui pale.

Umri wangu huu nimeutumia kwa mizaha, mwanangu, na sina hakika najua kuandika barua isiyo na mzaha. Ikikuchosha itupe.

Baba yako mdogo.


18 Julai

Shikamoo Baba mdogo,

Barua yako imefika leo, na leo leo nakujibu. Wazima wote, nisalimie wote.

Nataka kukusimulia habari za Taratibu. Wewe tu, usimwambie mtu.

Alipoingia darasani kwangu alikuwa hachori. Alikuwa anaficha mkono chini ya dawati na kusema penseli yake imevunjika. Nilimpa penseli yangu, nayo "ikavunjika". Nikamwambia, basi, usivute mstari. Weka nukta. Ukiona kitu ni cheusi, weka nukta nyingi karibu karibu. Kikiwa cheupe, ziache mbali mbali. Mkono ukitetemeka, subiri mpaka ufike pale unapopataka, ndipo uguse. Nukta ni kugusa tu. Haihitaji mkono utulie muda mrefu, inahitaji utulie mara moja.

Ule mto ameuchora hivyo. Uangalieni kwa karibu, hamna hata mstari mmoja. Ni nukta tupu, kuanzia ukingo hadi ile barabara iliyokatika. Sasa wengine wanamuiga, hata Swali, ila Swali hana subira, karatasi yake inaonekana kama ina surua.

Hivyo tu. Nilitaka ujue.

Jambo jingine. Tarehe ishirini mwezi wa tisa tunabandika michoro yote ukutani, ukumbi mzima, wazazi waje watazame. Taratibu anaulizia mto wake. Sina budi kuuomba. Tafadhali uutume kwa basi, ndani ya gazeti usikunjike. Na watoto wanaomba unywele mwingine wa yule mnyama, wanasema mmoja hautoshi kumjua mtu. Sikuwaambia ni mtu gani.

Mwanao.


27 Agosti

Mwanangu mwalimu,

Salamu, salamu, na salamu za ziada kutoka kwa mtu aliyenusurika. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja kuona mambo yataishia wapi. Kaa kitako.

Uliniandikia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Niliisahau barua yako mezani kwake, wazi, ukurasa wa nukta juu, kopo la tapentaini ya kuoshea brashi likizuia isipeperuke. Uzee huu, mwanangu, mtu anasahau vitu mahali pabaya.

Siku ya kwanza barua ilikuwa pale pale. Ya pili kopo lilikuwa limehamia pembe nyingine. Sikuuliza. Siku zilizofuata alikuwa anajifungia baada ya chai, nasikia tu brashi, tup, kimya, tup, kama bomba linalovuja. Nikavumilia. Mimi kuvumilia! Shangazi aliniletea dawa, alidhani naumwa.

Halafu muuza samaki akaja, kama kawaida yake, mdomo umeshajaa matusi. Bwana Rula akamgeuzia bango. Mwanangu, yule samaki anatazama. Lile jicho si duara lenye nukta kama samaki wake wote wa zamani, ambao mimi nilikuwa nawaita vifungo vya koti. Lina unyevu. Lina mwanga pembeni. Muuza samaki akasogea upande, akasogea upande wa pili, akasema, "Mbona ananifuata?"

"Lipa ataacha," kaka akamjibu.

Kwa furaha nikajiona nimeruhusiwa kuendelea na kazi yangu. Mchana ule akasinzia, mdomo wazi, nami nikachukua mkasi kwenda kuwatafutia watoto unywele wa pili. Nimefika kwenye kisogo, nimeuchagua mzuri, nasikia:

"Unataka kunichinja au kuninyoa?"

"Kaka, kuna mdudu."

"Mdudu ameshika mkasi."

Sikuwa na pa kukimbilia, na goti unalijua. Nikamwambia yote. Kwamba mti wake si mti. Kwamba gogo jeupe analolisifu miezi yote hii ni unywele wa kisogo chake, nimeuiba mimi, umetazamwa kwenye hadubini ya binti yake, umechorwa na mtoto wa darasa la binti yake. Macho yakamtoka. Akaangalia ukutani. Akaangalia mkasi. Akapeleka mkono kisogoni, akajipapasa pale pale kama anatafuta shimo.

"Alijua ni wangu?"

"Alijua siku ile ile."

"Akasema nini?"

"Akanyamaza miezi mitatu."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyo ni wangu," akasema, na mimi nikajitia naokota mkasi ambao haukuwa umeanguka.

Jioni akaja barazani, jambo ambalo halifanyi, akakaa juu ya rundo la miavuli yangu na kuvunja mmoja. Akasema, kwanza, kisogo ni mahali pabaya pa kuchukulia unywele, ungechukua kidevuni, kule ndiko kuna nywele zenye heshima. Pili, picha ya mto haitumwi kwa basi. Nikamwambia mtoto anaidai, mwenyewe anaingoja. Akasema sikusema haiendi, nimesema haitumwi. Basi hupakia mbuzi na magunia, karatasi itakunjika. Kitu kama kile kinashikwa mkononi.

"Mkononi mwa nani?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza. "Tarehe ishirini ni siku gani?"

Kwa hiyo mwambie Taratibu mto wake unakuja na mwenye mto. Shangazi ameshaanza kupiga pasi mashati, mengine hayakuhitaji. Mimi nabaki kulinda duka. Mtu akikalia kiti chako nitamwinua mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ndogo. Hiyo sijaifungua, na ujue imeniuma. Amefunga mwenyewe, kwa gundi, mikono miwili, alitumia muda mrefu nikajifanya nahesabu mbavu za mwavuli. Nimeona tu alipokuwa anaandika. Rula ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake, na hakuigusa.

Wako,
baba yako mdogo, mwizi wa visogo.


[Ndani ya bahasha ndogo: jani moja lililokaushwa kati ya magazeti, limetobolewa na wadudu mahali pengi, na kikaratasi, herufi zake zimepanda na kushuka.]

Mwanangu,

Hili nimelichuma nyuma ya duka, asubuhi.

Liweke kwenye hadubini yako. Achore yule wa nukta, halafu uchore na wewe.

Matundu msiyazibe.

Baba